Apollo na Marsyas katika bronzi ya sentimita nne: kibamba nilichonunua, na hukumu yangu

Nianze na hukumu, kwa wale wanaotaka kujua tu kama wafungue pochi. Kibamba hiki, yaani bamba dogo la bronzi (shaba iliyotiwa bati) lenye picha iliyoinuka, kinunuliwe. Ila muulizeni muuzaji kama anacho kisichopakwa rangi, na kama hana, mngojeeni mpaka awe nacho. Sababu nitazieleza, na nyingine si zangu, ni za papa, yaani baba yangu.

Chenyewe ni kidogo, umbo la yai. Urefu wake ni sentimita 4 na kitu, na kwenye mizani ya sonara mmoja wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, kilionyesha gramu 38. Ni nakala ya kisasa ya kibamba cha bronzi kilichotengenezwa Italia katika karne ya 15, wakati matajiri, mapadri wakubwa na wasomi wa Firenze, Roma na Padova walipopenda kuwa na hadithi za kale mfukoni na juu ya meza zao. Nililipa euro 85. Karakana iliyokitengeneza haitumi mizigo Kongo, kwa hiyo kilipitia kwa yaya wangu wa Brussels, yaani ndugu yangu mkubwa, akakileta ndani ya soksi katikati ya nguo za watoto. Kisanduku chake cha karatasi ngumu ni kizuri, karatasi ya maelezo ni fupi mno na haina la maana. Yatosha kuhusu hayo.

Mimi ninafundisha uchoraji na historia ya sanaa katika sekondari hapa Lubumbashi. Papa yangu alifanya kazi ya kuyeyusha shaba Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mpaka akaenda pensheni. Kwa hiyo kibamba hiki kilipimwa na macho yangu na vidole vyake, na hatukukubaliana katika yote.

Juu yake kuna watu watatu. Apollo amesimama uchi, nguo imemwangukia mgongoni, kinubi kiko mkononi. Marsyas amekaa juu ya ngozi ya mnyama, mikono imefungwa nyuma kwenye mti uliokauka. Katikati yao kuna kijana mdogo, Olympus, mwanafunzi wa Marsyas, amepiga goti anamwombea mwalimu wake. Hadithi ni ya Wagiriki wa kale. Marsyas, kiumbe wa porini, aliokota zumari ambazo mungu wa kike Athena alizitupa, akajifunza kuzipiga mpaka akathubutu kushindana na Apollo, mwenye muziki wote. Walipatana kwamba mshindi atamfanyia mshindwa chochote anachotaka. Apollo alishinda, akamchuna ngozi akiwa hai. Waliomlilia walikuwa wengi, na inasimuliwa kwamba machozi yao yalifanya mto katika nchi ya Frigia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki.

Msanii hakuonyesha kisu wala damu. Alichagua dakika ya kabla, wakati kijana bado anaomba na jibu bado halijatoka. Nilipokipitisha darasani, msichana mmoja wa mwaka wa nne alikigeuza kwenye mwanga akauliza kwa nini Apollo ameshinda lakini hafurahi. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu kazi hii na sikumbuki swali zuri kuliko hilo. Kwenye uso ambao ni mdogo kuliko punje ya mchele, kile kichwa kimeinama kidogo tu, na mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa kwetu, amekiona.

Sasa, wapo watakaosema: wewe mwalimu, euro 85 kwa nakala? Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kibamba hiki tangu mwanzo kilikuwa nakala. Asili ya picha si bronzi kabisa. Ni jiwe la akiki nyekundu lililochongwa kwa kuchimba ndani, kama muhuri, wakati wa Kaisari Augusto, na wataalamu wengi hulihusisha na Dioskourides, yule mchongaji aliyemtengenezea Augusto muhuri wake. Jiwe hilo lilifika Firenze. Karibu mwaka 1428 Lorenzo Ghiberti, fundi yule yule wa milango ya bronzi ya nyumba ya ubatizo ya Firenze, alilitengenezea fremu ya dhahabu yenye joka kati ya majani, akazungushia herufi za jina la Nero, Kaisari mwingine wa Roma. Ndiyo maana watu waliliita muhuri wa Nero, ingawa Nero hakuhusika na kuchongwa kwake. Ghiberti aliandika kwamba jiwe lilikuwa na ukubwa wa kokwa na ganda lake, na aliwaona wale watatu kuwa ni umri wa binadamu: mtoto, kijana na mzee. Fundi aliyelishika mkononi na kulivalisha dhahabu alisoma hadithi tofauti na tunayoisoma sisi! Hilo huwa ninawaambia wanafunzi wanaoogopa kusema wanachokiona kwenye picha.

Baadaye jiwe likawa la Lorenzo de' Medici, mkuu wa ukoo uliotawala Firenze, ambaye alichongesha jina lake kwa kifupi, LAV.R.MED, juu ya vito vyake vingi, na juu ya hili pia. Kutoka kwa Medici lilipita kwa ukoo wa Farnese, na leo liko katika jumba la makumbusho ya mambo ya kale la Napoli.

Jiwe ni moja na mwenye jiwe ni mmoja. Wengine wote walitaka kuliona. Basi walifanya hivi: walikandamiza nta au plasta kwenye jiwe, kilichochimbwa ndani kikatoka kimeinuka, wakatengeneza kalibu, wakasubu bronzi, yaani wakaimimina humo ikiwa imeyeyuka. Kibamba kimoja kilizaa kingine. Vilibandikwa kwenye vidau vya wino, kwenye visanduku, kwenye mipini ya panga, na mafundi wa vitabu walivitumia kubonyeza picha kwenye ngozi ya jalada. Mwingine alivitoboa akavivaa. Botticelli, mchoraji wa Firenze, alimchora mwanamke mmoja, picha ambayo sasa iko Frankfurt, na shingoni mwake kuna mkufu wenye picha hiyo hiyo ya Apollo na Marsyas. Hivi vibamba vilisaidia kubeba picha za kale kutoka mji mpaka mji.

Ndiyo maana siulizi kama ni nakala. Ninauliza aliyenakili aliheshimu nini na alikimbia nini.

Hapo ndipo papa anapoingia. Alikifunga uzi, akakining'iniza karibu na sikio, akakigonga kwa kijiti. Kikalia muda mrefu, sauti nyembamba. Kisha akachukua tupa ndogo akakwangua ukingoni, mahali pasipoonekana, akatazama rangi chini ya rangi. Shaba tupu ingekuwa nyekundu. Hii ilikuwa ya manjano yenye wekundu kidogo. "Iko na bati ya kweli," akasema. Hakuna udanganyifu wa madini hapo, na ninawapa karakana ile alama zote.

Alinieleza jambo ambalo vitabu vyangu vya sanaa hupita haraka. Shaba peke yake haipendi kazi ndogo kama hii. Inayeyuka kwenye digrii 1085, inanyonya hewa ikiwa motoni, na ikipoa inaitema, ndiyo unaona vitundu. Ukiitia bati, kama sehemu moja kati ya kumi, inayeyuka mapema zaidi, inatiririka vizuri, na ikishapoa ni ngumu. Wataliano wa zamani mara nyingi waliongeza risasi kidogo ili madini yaingie kwenye kila mkunjo wa nguo na kila unywele, wengine walitia na zinki. Papa alihesabu kwa vidole: shaba hapa, zinki Kipushi, bati Manono. Vyote viko Kongo yetu. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja viungo vya chakula anachojua kukipika.

Kisha akakigeuza upande wa mgongo, na uso wake ukabadilika. Mgongo umepigwa mashine ukawa bapa kabisa. Vile vya zamani mgongo wake mara nyingi una mabonde, au alama za pale nta ilipopanguswa na kidole, na wataalamu huusoma mgongo kabla ya uso. Huku hakuna cha kusoma. Na mbele, akanionyesha kwa ncha ya msumari, herufi. NERO CLAVDIVS zinasomeka. Ukizunguka kuelekea upande wa pili, matumbo ya herufi yameziba, na mstari wa ardhi chini ya mguu wa Apollo umeyeyukia kwenye ukingo. Vidole vya kijana anayeomba vimekuwa donge moja.

"Mama," papa akaniambia, "aba balisubu muzuri, lakini balichoka mbele ya kumaliza."

Maana yake, walisubu vizuri, ila walichoka kabla ya kumaliza. Kibamba kikitoka kwenye kalibu, kazi iko nusu. Fundi wa zamani alikaa nacho, na patasi ndogo na sindano za chuma, akafungua upya macho, vidole, herufi, nyuzi za kinubi. Wengine hawakufanya hivyo, na vibamba vingi vya makumbusho ni vizito na picha zake hazionekani vizuri kwa sababu hiyo, tena vilivyonakiliwa kutoka kwa nakala huwa pia vidogo kidogo kuliko mama yao, maana bronzi husinyaa inapopoa. Lakini fundi anayeuza leo kwa euro 85, na anayesema kwamba kila kimoja kimemalizwa kwa mkono, anapaswa kukaa na vile vidole vya Olympus. Vile vidole ndiyo ombi lenyewe. Ukivifuta, yule kijana amepiga goti bure.

Mimi na papa tulitofautiana kwenye miili. Yeye aliona madonge, mimi ninaona kwamba kazi kubwa imebaki. Nilikipeleka kwa mfua shaba mmoja wa mjini, mmoja wa wale wanaofua mabamba ya akina mama wakitwanga na vichwa vya wazee, kazi inayouzwa pamoja na malakiti, yale mawe ya kijani. Yeye hufua kutoka nyuma: bamba jembamba la shaba, nyundo, misumari ya kila ukubwa, mpaka picha ijitokeze mbele. Akikitaka kifua cha mtu kijitokeze, anakisukuma kwa sentimita nzima. Alikitazama kibamba kwa ubavu, jicho moja amefumba, kama anavyotazama ubao kama umenyooka. Unene wote wa picha haufiki milimita 3. Ndani ya milimita hizo paja la Marsyas linakuja mbele, bega linarudi nyuma, mti uko nyuma ya bega, na bado nyuma ya mti kuna hewa. Akapitisha kidole gumba polepole juu ya goti la Marsyas, akarudia, akaomba nimwachie. Nilimwachia. Aliporudisha alikuwa amefua kipande cha shaba chenye mguu mmoja tu, mguu uliokunjwa, chini kabisa kuliko anavyofua kawaida. Mguu huo ni mzuri. Nimeuweka darasani karibu na kibamba na sioni kwamba unaonewa.

Kwa wanafunzi ninakiweka pia karibu na picha ya misalaba ya shaba, ile iliyochimbuliwa kwenye makaburi ya bonde la Upemba. Katika karne zile zile ambapo watu wa Firenze walisubu Apollo zao, mafundi wa huku walisubu misalaba midogo, na kadiri miaka ilivyopita ikawa midogo zaidi na ya vipimo vinavyofanana zaidi, maana ilishakuwa fedha. Ninawauliza: kwa nini mtu asubu kitu kidogo, tena kingi, tena kinachofanana? Jibu la Firenze na jibu la Upemba hayafanani, na mjadala huo hunila kipindi kizima. Kwa kazi hiyo kibamba hiki kimenilipa euro zangu. Picha ya kwenye simu haiwezi. Mtoto anapokishika, ubaridi wake wa kwanza, halafu jinsi kinavyopata joto la kiganja, humfanya anyamaze na kutazama.

Sasa rangi, na hapa papa na mimi ni kitu kimoja. Karakana imekipaka kijani. Si kijani kibaya kwa macho. Mgeni akikiona anasema, ah, cha kale. Lakini kijani kile ni cha shaba iliyolala ardhini au iliyonyeshewa mvua miaka mingi. Vibamba hivi havikuzikwa. Vilikaa kwenye makabati, kwenye mifuko ya hariri, mikononi mwa watu. Mafundi wake walivipaka vanishi nyeusi au kahawia, na kushikwa kukafanya kazi iliyobaki: magoti, mabega na paji la uso vikang'aa, mabonde yakabaki na giza. Ule mwanga na lile giza ndilo linalosaidia jicho kusoma picha ndogo namna hii. Kijani hufunika vyote sawasawa, kwa hiyo Marsyas na mti wake wanakuwa kitu kimoja. Tena hakidumu. Jasho la mikono ya wanafunzi limeshakibandua begani mwa Apollo, na chini yake bronzi imetoka safi, ya dhahabu, na kusema kweli bega hilo sasa ndilo sehemu nzuri kuliko zote.

Nilifikiria kukipeleka kwa sonara akioshe kwa asidi. Papa alikataa. Alisema asidi haichagui, italamba rangi na italamba na uso wa Apollo. Basi tunakiacha kibanduliwe na mikono. Kila muhula kinabadilika, na ninakipiga picha mwanzo wa muhula ili wanafunzi waone mikono yao imefanya nini.

Je, bei ni haki? Kwa mwalimu wa hapa euro 85 ni pesa ambayo nyumba inaisikia. Kwa bronzi ya kweli, yenye bati, iliyosubiwa bila kitundu hata kimoja, ninaona ni haki. Kwa "kumalizwa kwa mkono" ambako hakukufanyika, ningetaka warudishe ishirini. Ukilinganisha na vile vya plastiki nzito vilivyopakwa unga wa shaba, ambavyo huuzwa kwa bei ya nusu, usisite: vile havilii ukivigonga, na vikianguka vinakatika. Hiki kimeanguka kwenye sakafu ya saruji na kimepata alama ndogo tu ukingoni.

Mtu akitaka kuona vya kweli, jumba la makumbusho la Bargello la Firenze linavyo, London inavyo, na kule Washington, National Gallery of Art ina mkusanyiko wa bronzi ndogo zaidi ya 1,300 uliokuwa wa Gustave Dreyfus wa Paris kabla ya kununuliwa na Samuel H. Kress. Picha zao za mtandaoni ni kubwa na unaweza kuzikuza mpaka uone alama za patasi. Mimi nilizichapa mbili, nikazibandika ukutani juu ya kibamba, ili mwanafunzi akiona vidole vilivyoziba hapa aone vilivyofunguliwa pale.

Mkiagiza, ombeni mambo matatu kwa maandishi kabla ya kulipa: kisipakwe rangi, mgongo usipigwe mashine, na wakutumie picha ya herufi zote kwa karibu, si za upande wa NERO peke yake. Karakana nilikonunua walinijibu barua pepe kwa heshima na haraka, wakasema kisicho na rangi wanaweza kukitoa kwa bei ile ile. Nimeshaagiza kimoja. Yaya anakuja mwezi wa kumi na mbili, na papa ameshanoa sindano zake za chuma. Anasema vidole vya yule kijana atavifungua mwenyewe.